Mbudya ni kuzuri, ila hesabuni laifu jaketi kabla hamjapanda boti

Nimeanza kuandika nikiwa nimeshaweka nyota tatu. Nilitaka nitende haki, maana siku yenyewe haikuharibika yote na kisiwa cha Mbudya hakina kosa lolote. Ngoja nisimulie ilivyokuwa.

Tulikuwa watu tisa, wengi tumesoma pamoja, na kila tukikutana kwenye misiba na harusi tunaahidiana kwenda ufukweni, hatuendi. Safari hii mmoja wetu akapata namba ya kijana anayepeleka watu visiwani kutokea Kunduchi. Akatupa bei ya kichwa, akatutumia picha, na ujumbe wake wa WhatsApp ninao mpaka leo: usafiri kwenda na kurudi, banda, na "vifaa vyote vya usalama vipo". Tukatuma hela. Ilikuwa miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, ile ambayo Dar asubuhi inakuwa na kibaridi na watu wa bahari hawakai sana nje mchana.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia, unaona mpaka mchanga chini. Laifu jaketi zilikuwa zimerundikwa mbele, juu yake nanga na madumu ya mafuta. Hatukuambiwa tuvae na hatukuuliza. Hapo na sisi tulikosea, nakubali.

Kisiwani nako sina la kulalamika. Akina mama wa pale wanakuletea samaki kwenye beseni uchague mwenyewe. Sisi tulichukua changu wawili wakubwa na kolekole, wakatukaangia na chipsi, na kachumbari yenye pilipili ya kutosha. Mabanda ya makuti yana kivuli kizuri. Mahali pale pamekuwa hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na ukiingia majini unaona faida yake, samaki wadogo wanakuja hadi miguuni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mgeni halijui. Ufukwe wanaoshushia watu unatazama bara, kwa hiyo kisiwa chenyewe kinakukinga. Unakaa pale unaona bahari kama maziwa kwenye kikombe. Baada ya kula, mimi na mwenzangu tulikata vichaka tukatokea upande wa pili, wa mashariki. Jamani! Mawimbi yanapasuka kwenye matumbawe, povu linatupwa juu mpaka usoni, na huwezi kumsikia mtu aliye hatua tatu kutoka kwako. Kitenge kilinitoka mabegani kikaenda kunasa kwenye mti wa miiba. Tulicheka mpaka machozi. Ni pazuri kuliko niwezavyo kueleza, na ningekaa pale mpaka jioni.

Tulikubaliana tuondoke saa tisa. Boti ikaja inakaribia saa kumi na moja, upepo umeshashika kweli. Ndani tukakuta watu wengine watano ambao asubuhi hawakuwamo, akiwemo mama mmoja na mtoto wa kama miaka minne. Jumla tukawa abiria kumi na wanne, ukiacha nahodha na msaidizi wake. Nikahesabu laifu jaketi. Nane. Nikahesabu tena nikizitoa moja moja chini ya yale madumu, nane zilezile.

Na hizo nane mzione. Niliyoshika mimi ilikuwa na vifungo vitatu, viwili vimekatika, mtu akafunga kwa kipande cha manila. Nikabonyeza pale kifuani, sponji imevunjikavunjika ndani, inalia kama maganda ya karanga. Ilinuka petroli. Ndiyo hiyo ingenishikilia juu ya maji.

Yule kijana alikuwa amesimama mchangani, miwani ya jua kichwani, anatukusanya tupande upesi. Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Kaka yangu, laifu jaketi nyingine ziko wapi? Tuko kumi na wanne, hapa zipo nane."

Akanijibu kwa sauti ya kusikiwa na boti nzima, "Sista, hapo na pale tu. Kama maji unayaogopa ungebaki Kariakoo."

Watu wakacheka. Hata wawili wa kwetu walicheka, na nimeshawaambia kilichonikaa moyoni. Pembeni yangu kuna rafiki yetu wa Iringa, hajui kuogelea hata kidogo, ameshika ukingo wa boti vidole vimekuwa vyeupe. Yeye hakucheka.

Tulipotoka kwenye kinga ya kisiwa ndipo tulijua. Unarudi Kunduchi, kusi linakupiga ubavuni upande wa kushoto, na boti inalala. Wimbi la kwanza lilituingilia kiunoni. Mtoto akaanza kulia. Nahodha, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, hakusema neno. Alivua laifu jaketi yake, akamkabidhi msaidizi amvishe mtoto, akafunga kamba mwenyewe kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye mashine. Kisha akawa kila likija wimbi kubwa anapunguza moto, analielekezea omo, yaani mbele ya boti, linapita chini, halafu anarudisha njia yake. Tulichukua muda mrefu kuliko asubuhi, lakini kila alichofanya alikifanya kwa kujua. Mzee yule ningempa nyota tano bila kufikiri, na kwa ajili yake ndiyo niliweka tatu.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuchemka. Kwa nini mzee avue ya kwake? Hela tulilipa vichwa tisa, na wale watano nao walilipa. Aliyeongeza abiria ni nani? Aliyechelewesha boti mpaka upepo ukakolea ni nani? Alibaki nchi kavu na miwani yake.

Na hili la kusi si siri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ukanda wetu wa pwani kila mara, redioni zinasomwa, kwenye simu zinaingia. Mimi nilikuwa Dar tarehe 18 Julai 2012, meli ya abiria MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe ikienda Unguja. Nakumbuka uani kwa jirani yetu watu wamekaa kwenye mikeka wanaangalia simu isiyoita. Baada ya kuona yale, mtu akinambia nibaki Kariakoo kwa sababu nimehesabu laifu jaketi, sitamvumilia.

Usiku ule kijana akatutumia ujumbe wa kutushukuru na kutukaribisha tena kwa punguzo. Nikamuuliza swali langu lilelile: nyingine ziko wapi? Akajibu, "Sista, si mlifika salama?"

Sikumjibu. Nimerudi juu nimezifuta zile nyota tatu, nimeacha moja, nayo si yake.

Nahodha, labda kuna mtu atakusomea hii. Tulipofika, yule mama alimvua mwanawe laifu jaketi yako akaitundika kwenye ukingo wa boti, na kwa haraka ya kushuka hakuna aliyekuambia asante. Nilikuona ukiikung'uta maji na kuivaa tena. Kisiwani kulikuwa bado kuna watu, ukageuza boti ukaenda kuwachukua.