Trei ya pai yenye kitako kinachotoka: kama una pati ya darasa, nunua

Jamani hii trei nimeipata duka la vyombo karibu na soko hapa Malindi, shilingi 850, bati jeusi upana sentimita 24, na kitako chake kinatoka. Ukishaoka unaiweka juu ya kopo la maziwa, ule ukingo unashuka wenyewe na pai inabaki nzima. Kabla ya hapo nilikua natumia bakuli la glasi, juu inaiva chini unga bado mbichi na kuitoa ni mpaka uikate humohumo.

Gredi ya nne ya mwanangu walikua na pati ya kufunga shule, wenzangu wakachukua sambusa na kaimati, mie nikasema napeleka pai ya mboga, ile Waitaliano wa hapa wanaiita torta salata, manake watoto wetu mchicha ukiwa pembeni ya ugali hawaugusi lakini ukiwa ndani ya kitu cha kushika mkononi wanamaliza.

Unga wa ngano gramu 250, siagi baridi gramu 125, chumvi kidogo, maji ya friji vijiko vitatu. Kwa joto letu hili siagi inayeyuka vidoleni kwahio nilianza alfajiri, nikaupumzisha unga kwenye friji nusu saa, nikautandaza kwenye trei nikautobolea kwa uma, juu karatasi na choroko kavu usifure, dakika 15 kwa moto wa 180, nikatoa choroko nikarudisha dakika kumi. Hapo ndo nikaikubali hii trei walahi. Bati jeusi linashika moto vizuri, niliinua unga na kitako chake nikaugonga chini kwa kucha ukalia ko ko, mkavu kabisa.

Mchicha na hoho nilikaanga na kitunguu, ila mchicha kwanza uchemshe uukamue kwa kitambaa, mimi ulitoa karibu glasi nzima ya maji ya kijani na hayo ndo yanayolowesha pai. Mayai matatu, krimu, chizi, dakika 30 tena.

Sasa ubaya wake. Unga ukiwa na ufa mayai yanavuja pale kitako kinapokutana na ukingo, mara ya kwanza yaliungua chini ya oveni nyumba ikajaa moshi, kwahio weka sinia chini yake. Halafu kutu, upepo wetu wa bahari unajulikana, niliiacha na maji usiku mmoja tu asubuhi nikakuta doa, sa hizi nikiosha naikausha palepale. Ile mikunjo ya ukingo isugue kwa mswaki wa zamani.

Nilioka mbili kwa zamu, vipande 16 kila moja, watoto 32 wote wakapata na sinia likarudi tupu. Juzi nimeenda kutafuta trei ya pili wameniambia zimeisha, nipite tena wiki ijayo.