Chumba cha faragha hotelini Muhumba, Bukavu: kinafaa kikao cha familia?

Kiko mwisho wa ujia, mbali na baa, na dirisha lake linatazama Ziwa Kivu. Viti ni 12. Ugomvi wa urithi ukileta koo mbili, havitoshi. Kasoro kubwa ni ukuta wa upande wa jikoni: ni tripleksi, si matofali, kwa hiyo shangazi akipandisha sauti wapishi wanapata kila neno. Sogezeni meza upande wa ziwa na mfunge rido. Umeme ukikatika (na Bukavu hukatika), jenereta inaunguruma chini ya dirisha. Wazee wanaanza kupaza sauti, siri imekwisha. Komeo la ndani ni zuri, ila mhudumu hubisha hodi akiuliza nani anataka Fanta. Agizeni vinywaji vyote kabla ya kuketi.