Boila ya Kuni kwa Nyumba na Karakana katika Jimbo la Maine: Ukubwa Kwanza, Aina Baadaye

Wengi wanaonunua boila ya kuni (tanuri linalopasha maji yanayosambaza joto nyumbani kwa mabomba) huko Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huchukua kubwa kupita mahitaji kwa kuhofia baridi ya Januari. Boila ya namna hiyo hufungiwa hewa muda mwingi, moto ukafukuta badala ya kuwaka, na moshi wake huacha ndani ya dohani utando wa lami unaoweza kushika moto.

Tuchukue nyumba ya mita za mraba 140, yenye kihami joto cha wastani. Katika usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri huhitaji takriban wati 70 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu kilowati 10. Karakana ya mita za mraba 60 yenye kuta nyembamba yaweza kudai wati 120 kwa kila mita, na jumla ikafika kilowati 17. Kwa saa 24 hizo ni uniti 408, kwa kipimo kilekile cha mita ya umeme, na boila ya kilowati 25 huzitoa kwa saa 16 hivi za moto mkali. Kabla ya kununua kubwa zaidi, ziba kwanza nyufa za mlango wa karakana.

Nafasi ya kwanza naipa boila inayochoma gesi za kuni katika chumba cha pili, mradi iunganishwe na tangi la maji ya moto. Bila tangi, faida yake kubwa hupotea. Sheria ya Ujerumani hudai angalau lita 55 kwa kila kilowati kwa boila zinazolishwa kuni kwa mkono, kwa hiyo kilowati 25 zingehitaji lita 1,375. Mimi ningeweka 1,500, kwa kuwa maji hayo yakipashwa nyuzi 40 zaidi huhifadhi karibu uniti 70, na usiku wa Oktoba, nyumba inapotumia kilowati 6 tu, moto unaweza kuzimwa hadi asubuhi.

Ya pili ni boila ya peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambayo hujilisha na kujipunguza yenyewe, ingawa humfunga mwenye nyumba kwa fueli ya kununua na kwa umeme. Inamfaa asiye na msitu wala nguvu za kupasua magogo.

Ya tatu ni boila ya nje, ambayo huondoa majivu na hatari ya moto ndani ya nyumba, lakini hupoteza joto katika mabomba ya ardhini. Tangu tarehe 15 Mei 2020, zinazouzwa zikiwa mpya nchini Marekani lazima zitimize kiwango kikali zaidi cha moshi. Ya zamani iliyotumika, hata ikiwa rahisi, siipendekezi.

Yoyote utakayochagua, mwulize fundi kama ataweka vali inayozuia maji yanayorudi kwenye boila yasishuke chini ya nyuzi 60 hivi, kwa sababu maji baridi huleta umande wenye asidi unaokula chuma. Kuni nazo zipasuliwe na kuanikwa chini ya paa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Kwa mwaloni, anza miaka miwili kabla.