RAM nyingi, Linux inagoma kusakinika: mem=4G au kuchomoa vijiti?

Kompyuta ina GB 64 za RAM, lakini usakinishaji wa Linux unaganda mwanzoni kabisa. Uibane kumbukumbu kwa amri ya mem=4G, au ufungue kasha uchomoe vijiti vya RAM?

Kwa wepesi, amri inashinda. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, bonyeza e, ongeza mem=4G mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Bisibisi haihitajiki.

Kwa kujua tatizo liko wapi, kuchomoa kunashinda kwa mbali. mem=4G huificha tu sehemu ya juu ya kumbukumbu; usakinishaji ukikubali, bado hujui kama kosa ni la BIOS (programu ya ubao inayoamsha kompyuta), la kerneli (kiini cha Linux) au la kijiti kibovu. Zima umeme, acha kijiti kimoja, jaribu, weka kingine. Memtest86+, programu ya kupima RAM, husaidia pia, ingawa GB 64 zitakula saa kadhaa.

Amri ina deni la baadaye: ikibaki kwenye /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB, umenunua GB 64 ili utumie zisizozidi 4. Hakiki kwa free -h, amri inayoonyesha RAM inayotumika.

Mwenye kompyuta mpakato ambayo RAM yake imechomelewa kwenye ubao hana budi kutumia amri. Ya mezani itakayotunza kazi za watu, mimi ningechomoa.