Kura ya mtu mmoja mmoja au ya kijiji kizima?

Jaribio la tiba likipangwa huku Kanda ya Ziwa, swali la kwanza ni nani apigiwe kura ya bahati nasibu ya kuingia kundi la tiba au la kulinganishia: mtu mmoja mmoja, au kijiji kizima. Ukigawa mtu mmoja mmoja, watu wachache hutosha, na hata daktari anaweza asijue nani kapewa dawa, nani kidonge kitupu. Kwa dawa mpya ningechagua hiyo.

Lakini huduma ya zahanati utaigawaje kati ya majirani? Ndiyo maana utafiti wa Mwanza wa miaka ya 1990 uligawa jamii 12. Sita ziliboreshewa kwanza tiba ya magonjwa ya zinaa; huko maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko kwenye sita nyingine.

Ridhaa ya mwenyekiti wa kijiji, hata hivyo, haimfungi mwanakijiji: anayetolewa damu huulizwa mwenyewe. Kibali cha maadili hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Dawa ikihusika, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo lazima iridhie.