Raba za soli nyembamba: angalia vidole kwanza

Kucha ya kidole changu kidogo imeng'oka tena. Raba nilizichukua Kariakoo, soli unaikunja kama chapati, nikajua nimepata. Siku ya tatu narudi kutoka kukimbia Daraja la Tanzanite, soksi ina damu. Na muuzaji aliniapia: "Dada, zitaachia tu." Hazijaachia mpaka leo.

Uzito na rangi utasomewa na kila muuzaji. Watu wanaulizia wembamba wa soli, na kama kisigino kiko usawa mmoja na mbele. Vyema, lakini mguu ukitua vidole hutanuka ili vishike ardhi. Kiatu kikichongoka mbele, soli nyembamba ni ya nini? Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, isimamie peku. Kidole kikizidi ukingo, rudisha kiatu. Mitumba mingi soli ya ndani haipo, kwa hiyo mimi natembea na kipande cha boksi nilichochorea mguu wangu.

Kati ya raba za soli nyembamba, namba moja kwangu ni Xero HFS, na sifichi mapenzi. Soli yake ni milimita 5.5, iko bapa, na kidole kidogo kinalala kinavyotaka. Ya pili Vivobarefoot Primus Lite, pana vizuri, ila bei inakata pumzi kabla hujakimbia. Ya tatu Altra Escalante: mbele kuna nafasi, usawa upo, ila ina godoro. Anayeanza aanze nayo, vigimbi visimuume wiki nzima. Merrell Vapor Glove ni nyembamba kweli, lakini mbele inanibana. Vibram FiveFingers, zile za vidole kama glavu, zinamkataa mwenye kidole cha pili kirefu. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja kuhusu faida za kiafya ilizozitangaza.

Katambuga, vile viatu vya tairi, ni bapa na vidole viko huru, ila tairi halikunjiki.

Kuagiza Marekani, ongeza usafiri, ongeza ushuru, ongeza na "ya kwangu kidogo" ya anayekuletea. Soko la mitumba la Karume niliziona HFS, namba yangu kabisa, 35,000. Nikakosea kugeuza soli kusoma jina. Kijana akaniona. Palepale ikawa 80,000, kiatu bado kiko mkononi mwangu. Nikanuna, nikaondoka. Jumamosi nimerudi na boksi langu kwapani, ameshauza.