Podo la mishale mitano: nyota moja, labda mbili

Kama unajiandaa kwa msimu wako wa kwanza wa kuwinda kwa upinde na umeshalipigia hesabu podo hili, yaani kibebeo cha mishale cha kufunga ubavuni mwa upinde, usilipe bado. Chukua mshale utakaowindia, uchomeke kwenye kishikio cha mpira, geuza upinde chini juu, utikise. Ukisikia mlio wowote, liache hapohapo.

Kwenye boksi wameandika linashika mishale ya kila aina. Uongo mtupu! Matundu ya ule mpira yamekatwa kwa wano (mti wa mshale) nene la kawaida, la unene wa nje wa milimita saba na ushee. Mawano membamba ya kaboni, yale ya uwazi wa ndani wa milimita nne au tano, yanacheza humo kama jino bovu. Na kishikio chenyewe ni kimoja, kwa hiyo hakuna cha pili chini yake cha kusaidia.

Kwa asiyeona tatizo: ukiachia upote (uzi wa upinde), mtetemo unapita kwenye mpini wa upinde hadi kwenye podo, na mishale iliyobaki inagongana. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Mshale wa upinde wa roda, ule wenye magurudumu nchani, huenda kama 80 au 90. Mnyama anasikia kelele, anainama ghafla, na mshale unampita juu ya mgongo au unampata pabaya. Umetafuta upinde usio na kelele, halafu unaufunga njuga.

Si hilo tu. Wano lililolegea huzunguka, na nyembe za chembe (ncha ya mshale) huzunguka nalo ndani ya sponji ya kofia, kile kifuniko cha podo kinachoficha vyembe. Baada ya wiki kadhaa sponji yangu ilikuwa chengachenga, vyembe havina pa kung'ang'ania, vinagusana na kuwa butu. Vile vyembe vinavyofunguka vikigonga ndiyo usiseme: huweza kufungukia humohumo.

Nikawaandikia watengenezaji. Jibu lao? Ninunue mishale minene. Yaani nibadili mishale na kurekebisha shabaha upya kwa ajili ya kipande cha mpira! Tangu siku hiyo hata rangi ya podo hili naiona mbaya, na skrubu zake sizitaki machoni.

Usidanganywe uzungushie wano utepe ili linenepe. Utepe utakwaruza kwenye kiegemeo cha mshale wakati wa kuvuta na kuachia. Utepe wa kitambaa ubandike ndani ya tundu la kishikio. Skrubu zipake gundi ya kuzuia kulegea, ile inayofunguka kwa bisibisi. Imepunguza kelele, siwezi kukataa, ila haijaimaliza.

Haya, kofia. Kofia ni nzuri, inaniuma kusema. Ni ya kina, ngumu, na inafunika nyembe zote mpaka shingoni mwa chembe. Kwa anayeanza hilo ni kubwa, maana wembe ulio wazi hukata mkono, paja au upote. Podo la mgongoni lisilo na kofia silipendekezi: kuchomoa mshale juu ya bega ni mkono mzima kupunga mbele ya mnyama. La kiunoni hukwama vichakani.

Uzito nao. Podo la namna hii likijaa huongeza kama nusu kilo upande mmoja, na upinde huanza kulala. Rekebisha shabaha podo likiwa limefungwa na mishale ndani, kama utakavyokuwa porini. Ukiamua kulitoa ukifika mahali pako pa kuvizia, basi fanya mazoezi yote bila podo. Kuchanganya ndiko kunakopoteza mishale.

Nyota mbili basi, zote za kofia. Kwa mwenye mawano manene, nne. Hapana, tatu, maana kile kifungio cha plastiki cha kulichomolea podo hulia tak! kubwa mno. Kifungue ukiwa bado chini, kabla hujapanda mtini kuvizia.